Mzee Akipatikana na Kansa ya Mapafu: Tuanzie Wapi?

(Haya ni maneno ya familia moja ya hapa kwetu, yaliyosemwa katika Siku ya Afya mbele ya vikundi vyetu vya maendeleo. Tunayachapa pamoja na maswali ya kujadiliana vikundini. Familia imeomba majina yasitajwe.)



Sisi ni watoto sita wa mzee mmoja ambaye wengi wenu mlimjua. Mlikunywa chai kwake, mkaazima jembe lake, na wengine mkalisahau kulirudisha. Baba yetu alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 77. Alikuwa na kansa ya mapafu.

Hatukuja kuwaliza. Tumekuja kwa sababu tangu tumzike, familia nne zimefika mlangoni kwetu na swali moja: "Nyinyi mlifanyaje?" Kila mara tulijibu kwa haraka haraka, mtu akaenda. Leo tumeona tuseme yote pamoja, na tuseme hata yale tuliyokosea. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

KIKOHOZI TULICHOKIITA TB

Baba alianza kukohoa mwaka 2021, baada ya mvua za masika. Mwanzo tulisema ni baridi. Akanunuliwa dawa ya kikohozi dukani, chupa baada ya chupa. Halafu akaanza kukonda. Mkanda wake ukatobolewa tundu moja, kisha la pili. Siku moja Mama akaona damu kwenye kitambaa chake, na ndipo tukampeleka kupigwa picha ya kifua.

Picha ilionyesha kivuli katika pafu la kulia. Makohozi yalipimwa TB, hayakuonyesha kitu. Hata hivyo alianzishiwa dawa za TB, akazimeza miezi sita bila kukosa hata siku moja. Si mnamjua alivyokuwa na nidhamu. Miezi sita ikaisha. Kikohozi kiko pale pale, na sasa mgongo unauma usiku kucha.

Hatusemi haya kumlaumu mtu. TB iko kwetu, na ni kweli magonjwa haya mawili yanafanana: kikohozi kisichoisha, damu, kukonda, kutoka jasho, kuishiwa na pumzi. Lakini tumejifunza jambo moja ambalo tunaomba mlishike. Mtu akipimwa TB na isionekane, au akitumia dawa kwa mwezi mmoja au miwili na hana nafuu yoyote, rudini mkaulize: "Je, inaweza kuwa kitu kingine?" Kuuliza si ujinga. Sisi hatukuuliza. Tulingoja miezi sita iishe.

Mwishowe alitumwa kwa hospitali kubwa akafanyiwa skani ya CT. Kivuli kwenye picha hakitoshi kusema ni kansa. Lazima kinyama kidogo kichukuliwe kikapimwe maabara, wanaita bayopsi. Wengine huingizwa mpira mwembamba wenye kamera kupitia kooni, wengine hudungwa sindano ubavuni, kulingana na uvimbe uko wapi. Baba alidungwa sindano. Majibu yalichukua wiki tatu, na wiki hizo tatu zilikuwa ndefu kuliko ile miezi sita.

MKUTANO WA FAMILIA

Jibu likaja: kansa ya mapafu, na imeshafika kwenye mifupa ya mgongo. Tulikutana nyumbani Jumamosi. Watoto sita, wake na waume zetu, baba wadogo wawili. Tulijaa ile sebule. Na katika mkutano huo zilitoka njia tatu.

Ndugu yetu mkubwa alisema Baba apelekwe India. Alikuwa ameshaongea na mtu wa kupanga safari hizo, na ile hesabu aliyoletewa ilikuwa sawa na bei ya ekari mbili. Tena alikuwa ameshaongea na mnunuzi.

Dada yetu anayemfuata alikuja na mtungi wa lita tano wa dawa ya miti shamba. Mwenye kuiuza alimhakikishia kwamba kansa huyeyuka kwa siku 40.

Baba mdogo naye akasema huu ni wakati wa maombi, na kukimbilia hospitali ni kukosa imani. Mchungaji wetu, ambaye tunamshukuru, alisema baadaye kwamba maombi na hospitali havijawahi kugombana, sisi ndio tunaovigombanisha.

Tulibishana kuanzia saa nane hadi giza likaingia. Kila mtu alimpenda Baba, na kila mtu alitaka njia yake ndiyo ifuatwe. Na Baba alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa nje, ameketi kwenye kiti chake karibu na boma la ng'ombe. Tulimwambia tunapanga mambo ya harusi.

Ile dawa ya mtungi ilianza siku hiyo hiyo kwa siri. Baada ya siku nne Baba aliharisha mpaka akashindwa kusimama. Alipolazwa, daktari alitukemea kwa upole: hakukataa miti shamba kwa chuki, bali alisema hajui ndani ya mtungi mna nini, na figo au ini likiharibika, hata matibabu ambayo mgonjwa angeweza kupata hospitalini yanafungika. Kama mnatumia kitu, msimfiche daktari.

MASWALI MATANO

Baada ya hapo muuguzi mmoja alitushauri: "Msije kumwuliza daktari 'kuna tumaini?' Andikeni maswali kwenye karatasi." Tukaandika matano. Tunawapa hapa kama tulivyoyaandika, pamoja na majibu tuliyopata.

1. Hii ni kansa ya mapafu ya aina gani? Ziko aina mbili kubwa. Moja inaitwa ya seli ndogo, nayo husambaa haraka sana. Mara nyingi hutibiwa kwa dawa za mshipani na miale, si kwa upasuaji. Nyingine ni isiyo ya seli ndogo, na ndiyo waliyo nayo zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10. Katika hii ya pili, kinyama kile kinaweza kupimwa zaidi kuona kama kuna mabadiliko fulani ya jeni. Wenye mabadiliko hayo wanaweza kutumia vidonge vya kumeza nyumbani. Ziko pia dawa mpya za kuamsha kinga ya mwili, lakini bei yake ni kali. Baba alikuwa na hii ya pili, na kipimo cha jeni hakikuonyesha mabadiliko hayo.

2. Imefika wapi? Kansa hupangwa kwa hatua, ya kwanza hadi ya nne. Ikiwa bado iko mahali pamoja, daktari anaweza kukata sehemu ya pafu, na mtu akapona. Tulimkuta wodini mama mmoja wa miaka 71 aliyekatwa hivyo. Mpaka leo anatupigia simu. Ikisambaa kifuani tu, mara nyingi huunganishwa miale na dawa za mshipani. Hatua ya nne ni pale inapofika kwenye mifupa, ini, ubongo au pafu la pili. Hapo matibabu yanaweza kuipunguza mwendo, lakini kwa kawaida hayaiondoi. Baba alikuwa katika hatua ya nne.

3. Mwili wake una nguvu gani? Hapa tulijifunza jambo kubwa. Daktari haangalii tu miaka iliyo kwenye kitambulisho. Anauliza: Anajivalisha mwenyewe? Anafika chooni? Zaidi ya nusu ya mchana yuko kitandani au yuko juu? Moyo na figo zikoje? Mzee wa miaka 80 anayelima anaweza kuvumilia matibabu kuliko mtu wa miaka 60 aliyelala siku nzima. Kwa hiyo msimwache mgonjwa eti kwa sababu ni mzee, wala msimlazimishe eti kwa sababu mnampenda.

4. Matibabu haya yatafanya nini: kuponya, kuongeza siku, au kupunguza taabu? Hili ndilo swali tulilolichelewesha, na ndilo lilipaswa kuwa la kwanza. Neno "matibabu" lilitudanganya. Sisi tulisikia "kupona" kila lilipotajwa. Daktari alisema wazi: kwa Baba, kuponya hakupo, kuongeza miezi huenda, kupunguza taabu, ndiyo, na mengi yanaweza kufanywa.

5. Yatatugharimu nini? Si pesa peke yake. Ni safari ngapi, siku ngapi za kulala wodini, nani atabaki naye, na dawa zitamlaza kwa siku ngapi kati ya zile alizobakisha.

Kuhusu India, tuliuliza: "Huko atafanyiwa nini ambacho hapa hakipo?" Jibu lilikuwa kwamba kwa hali yake angepewa dawa za aina ile ile, na kwamba kupanda ndege akiwa na maji yaliyojaa kando ya pafu ni hatari yenyewe. Kwa mgonjwa mwingine jibu linaweza kuwa tofauti. Lakini ulizeni swali hilo kwa daktari asiye na faida katika safari yenu, na mngoje jibu kabla ya kugusa hati ya shamba.

"MWENYE MWILI HUU YUKO WAPI?"

Siku hiyo tulikuwa watano ndani ya chumba cha daktari. Tulikuwa tumemaliza karatasi yetu. Yule muuguzi akatuangalia akasema, "Na mwenye mwili huu yuko wapi?"

Baba alikuwa kwenye benchi nje, na kofia yake magotini. Tulikuwa tumemwacha pale kwa karibu saa nzima.

Aliitwa ndani. Daktari akamwuliza, "Mzee, ungependa nikueleze ugonjwa wako mwenyewe, au niwaeleze watoto?" Baba akasema, "Nieleze mimi. Nilijua tangu waliponyamaza kila nikiingia."

Akaelezwa kila kitu, taratibu. Hakulia. Aliuliza kama atapata usingizi usiku, maana mgongo ulikuwa unamnyima. Halafu akaulizwa anataka nini. Tuliyaandika maneno yake, karatasi hiyo bado tunayo. Alisema: "Nataka nilale usiku. Nataka niwe nyumbani kahawa ikichumwa. Na shamba lisiuzwe. Mkiuza shamba, hata nikipona nitarudi wapi?"

Ndugu yetu mkubwa alitoka nje. Tulimkuta baadaye amesimama kwenye maegesho, analia kama mtoto.

Wapendwa, tulikuwa tumefanya mikutano mitatu juu ya mtu ambaye alikuwa na jibu tayari. Hatukumficha habari kwa ubaya. Tulidhani tunamlinda. Kumbe tulikuwa tumemwacha peke yake na ugonjwa wake, yeye anajua na sisi tunajua, na kila upande unaigiza.

Wapo wazee watakaosema, "Waelezeni watoto, mimi msinisumbue." Hilo pia ni jibu, liheshimuni. Lakini lazima aulizwe.

ALICHOCHAGUA

Kwa mgongo alikubali miale, ile watu wanaita kuchomwa. Tuliogopa kwamba ni wiki nyingi za kukaa mjini. Tukaambiwa kwamba kwa maumivu ya mfupa, kuchomwa mara moja tu hutuliza karibu sawa na kuchomwa mara tano au kumi, ingawa baadhi ya watu huhitaji kurudia baadaye. Alichomwa mara moja. Siku mbili za kwanza maumivu yaliongezeka, tukaogopa, lakini tulikuwa tumeonywa. Baada ya wiki mbili hivi alianza kulala usiku.

Dawa za mshipani alisema ajaribu. "Nikiona zinanilaza kuliko ugonjwa, nitasema." Alipata mara mbili. Ya pili ilimtoa nguvu, akashindwa hata na uji. Akasema basi, na sisi tukakubali. Haikuwa rahisi. Mmoja wetu alitaka aendelee, na mpaka leo pengine anajiuliza.

Maji ya kando ya pafu yalitolewa kwa sindano mara tatu, na kila mara alipumua vizuri.

Na kitu kilichomsaidia kuliko vyote ni huduma ya hospisi, wengine huiita tiba shufaa. Sisi tulidhani hospisi ni mahali pa kupeleka mtu akafie. Sivyo. Kazi hiyo ya kisasa ilianzishwa London mwaka 1967 na daktari Cicely Saunders, ambaye alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa si ya mwili tu. Yapo ya moyo, ya roho, na ya wasiwasi juu ya watu wake. Hapa Kenya, Nairobi Hospice ilianza kuhudumia wagonjwa mwaka 1990, na leo hospitali nyingi za kaunti zina chumba cha huduma hiyo. Muuguzi wa hospisi alitueleza pia juu ya uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 huko Boston, Marekani. Wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyosambaa waligawanywa makundi mawili. Wote walitibiwa kansa, lakini kundi moja lilipata pia tiba shufaa tangu mwanzo. Kundi hilo halikuwa na huzuni nyingi kama wenzao, na tena lilielekea kuishi zaidi: kama miezi 11 na nusu, wenzao kama 9. Kwa hiyo kutuliza taabu si kukata tamaa. Ombeni huduma hiyo mapema, msingoje daktari aseme hakuna la kufanya.

Baba alipewa mofini ya maji, ya kunywa kwa kipimo. Majirani walinong'ona kwamba hiyo ni dawa ya kufia. Si kweli. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimwui mtu, wala haimgeuzi mlevi. Siku chache za kwanza inaleta usingizi. Inafunga choo, kwa hiyo ulizeni dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Inatolewa kwa saa, si kungoja mpaka mzee apige kelele. Kipimo kidogo kinasaidia hata pumzi inayokatika. Tena, kumpepea usoni kwa kipande cha katoni kunasaidia kuliko mnavyofikiri. Wajukuu walipeana zamu.

Baba aliishi miezi kumi baada ya bayopsi. Kahawa ilichumwa akiwapo. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake na kuwakosoa wachumaji. Alifariki asubuhi, nyumbani, Mama akiwa amemshika mkono.

Je, ile miezi sita ya dawa za TB ingebadilisha kitu? Tumejiuliza usiku mwingi. Hatuna jibu, na tumeacha kulitafuta.

MAMBO YA KUSHIKA

Tunamaliza na haya machache ya kazi.

Kwanza, bima. Wakati wa Baba ilikuwa NHIF. Tangu Oktoba 2024 ni SHA. Kujiandikisha peke yake hakutoshi, lazima michango iwe imelipwa. Malipo ya matibabu ya kansa yana kikomo kwa mwaka kwa nyumba nzima. Kabla ya kila duru ya matibabu, ulizeni dawati la bima hospitalini kiasi kilichobaki.

Pili, mahali. Zamani hospitali ya serikali yenye mashine za miale ilikuwa Kenyatta pekee. Siku hizi ziko pia hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na ile ya Moi huko Eldoret, na vituo vya kansa vilijengwa Nakuru, Mombasa na Garissa. Pigeni simu kwanza muulize kama mashine inafanya kazi siku hiyo. Safari ya bure inamuumiza mgonjwa.

Tatu, faili. Wekeni barua ya rufaa, picha, majibu ya bayopsi na orodha ya dawa ndani ya mfuko mmoja, na mtu mmoja awe mwenye mfuko. Sisi tulipoteza skani kwenye matatu tukalipa mara mbili.

Nne, lawama. Baba alivuta sigara tangu ujana, akaacha akiwa na miaka 50. Watu walikuja kumjulia hali wakaanza na "si ulivuta sigara?" Ni kweli sigara ndiyo chanzo kikubwa, na vijana mlio hapa acheni leo. Lakini wapo wasiowahi kuvuta wakapata, na mgonjwa kitandani hahitaji hukumu.

Tano, anayemtunza. Mama alilala kwa vipande kwa miezi kumi. Kikundi cha akina mama kilipoanza kuja zamu za Jumanne na Ijumaa, alilala. Harambee si ya pesa tu.

Na la mwisho mnalijua. Kabla ya India, kabla ya mtungi, kabla ya kuuza hata kuku, mwulizeni mzee.



MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika nyumba zetu, ni nani huamua matibabu ya mzee? Mzee mwenyewe anapata nafasi gani?
2. Kwa nini tunaogopa kumwambia mgonjwa ukweli? Ni nani anayelindwa hasa?
3. Kikundi chetu kinaweza kufanya zamu gani kumsaidia anayemtunza mgonjwa, mwezi huu?